Uzi maalumu wa Super Mario ya kaseti: maswali ya Kigoma na Tabora, kuanzia 1-1 hadi 8-4

Mwisho_wa_Reli (Mwanga, Kigoma)

Wakuu, salaam. Naufungua uzi huu kwa ajili ya Super Mario Bros., ile ya kaseti. Kwenye mabanda ya gemu kuanzia Mwanga hadi Ujiji maswali ni yaleyale kila likizo, na majibu mengi ni ya kusikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Naomba humu tuweke majibu yenye uhakika ili kijana akija tumwelekeze hapa.

Maswali ninayoanza nayo ni haya. Ngome ya 4-4 (yaani dunia ya 4, steji ya 4) inajirudia mpaka muda unaisha, na wengi wanaamini kaseti ni mbovu: ukweli ni upi? Dunia ya -1 ipo au ni hadithi? Kwa nini Mario wa kwenye TV ni mzito kuliko yule wa kwenye simu, wakati gemu ni ileile? Na mtu akishamaliza ya kwanza, aende ipi?

Ombi langu moja: ukijibu, toa hatua. "Jaribu tu utaona" haimsaidii mtu.

Kobe_Mwekundu (Ujiji)

Mkuu, asante kwa uzi. Naanza na 4-4 maana ndiyo inayowatesa watu.

Kaseti ni nzima. Ngome hiyo imewekewa vituo viwili vya ukaguzi. Kituo cha kwanza kinataka uwe umepita njia ya juu kabisa. Cha pili kinataka uwe chini kabisa. Ukikosea, gemu inakurudisha nyuma skrini 4 bila kukwambia lolote, na kwa kuwa kuta zote zinafanana unadhani unasonga mbele kumbe unazunguka.

Sasa kuna jambo ambalo hata wanaoijua njia hulikosa: pale kwenye kituo lazima Mario awe amekanyaga. Ukipita njia sahihi huku uko hewani, inahesabiwa umekosea. Kwa hiyo ukikaribia mwisho wa njia ya juu acha kuruka, tembea. Wengi wanaosema "nilipita juu na bado ikanirudisha" walikuwa wanarukaruka.

7-4 ni hiyohiyo lakini kali zaidi. Vituo vinakwenda kwa mafungu ya vitatu. Fungu la kwanza ni chini, kati, juu. Ukikosea kile cha kwanza haikurudishi papo hapo, inakuacha uende mpaka cha tatu ndipo inakurudisha. Ndiyo maana mtu hajui kosa lake liko wapi: analaumu njia ya tatu wakati kosa lilikuwa ya kwanza. Ukirudishwa, anza upya fungu zima, usibadilishe ile ya mwisho peke yake.

8-4 njia za juu na chini hazina kazi. Pale unatoka kwa kuingia bomba sahihi tu. Ukilipita, unazunguka milele. Chumba cha pili bomba linaloendelea liko hewani na kwa macho halifikiki. Kuna tofali lisiloonekana karibu yake. Ruka chini ya sehemu iliyo wazi kabla ya bomba mpaka kichwa kigonge kitu, tofali litatokea, lipande, kisha ruka juu ya bomba na ubonyeze chini.

Mwisho_wa_Reli

Mkuu Kobe, ubarikiwe. Hilo la kukanyaga sijawahi kuliona limeandikwa popote kwa Kiswahili. Na -1?

Kobe_Mwekundu

Ipo, na haihitaji kaseti maalumu. Hatua zake:

Fika mwisho wa 1-2 ukiwa Mario mkubwa, yaani umekula uyoga na hujaguswa. Pale kuna bomba la kutokea upande wa kulia, na juu yake kuna matofali yanayoungana na dari. Simama juu ya bomba, vunja tofali la pili na la tatu kutoka ukutani, lile linalogusana na ukuta liache. Simama ukingo wa kushoto wa bomba ukitazama kushoto. Chuchumaa, ruka ukiwa umechuchumaa huku unasukuma kulia, ulenge pembe ya lile tofali lililobaki. Ukiipata sawasawa, gemu inashindwa kuamua Mario awe upande gani, inamsukuma kupitia ukuta mpaka chumba cha mabomba matatu.

Ukishaingia, shuka haraka kwenye bomba la kwanza unalolikuta kabla skrini haijasogea na maandishi hayajatokea. Hapo ndipo penye siri. Gemu huwa inapakia namba sahihi za mabomba skrini inapofika mahali fulani. Ukiwahi, inatumia namba 36 badala yake. Herufi ya 36 kwenye orodha ya gemu ni nafasi tupu, ndiyo maana juu inasomeka kama "-1" isiyo na namba mbele. Bomba la kushoto na la kulia yanakupeleka huko, la katikati linakupeleka 5-1.

Huko kwenyewe ni majini, ramani ya 7-2, na bomba la mwisho linakurudisha mwanzo wa hiyohiyo. Haina mwisho. Unatoka kwa roho (nafasi za kucheza) kuisha au kuzima mashine. Toleo la diski la Japani lilikuwa tofauti, lina steji tatu na linaisha, lakini sisi huku tuna la kaseti.

Mnyamwezi_Isevya (Tabora)

Mwangaluka wakuu. Tabora tupo.

Naomba niongeze kuhusu kile chumba cha mabomba matatu maana hata bila ule ujanja wa ukuta unaweza kukifikia kihalali. Mwisho wa 1-2 panda kwenye vile vibao vinavyopanda, ruka juu ya dari, kimbia juu ya matofali mpaka upite lile bomba la kutokea. Kushoto ni dunia ya 4, katikati 3, kulia 2. Na 4-2 kuna viwili: kile cha mwisho wa steji kinakupeleka 5 tu, lakini ukiupata mmea uliofichwa kwenye tofali ukapanda, unapewa 8, 7 na 6. Kwa njia hiyo gemu yenye steji 32 unaimaliza kwa kucheza 8: 1-1, 1-2, 4-1, 4-2, kisha 8-1 mpaka 8-4.

Maoni yangu lakini ni kwamba anayeanza asioneshwe mabomba hayo. Akifika dunia ya 8 bila kupita 3 na 5 hajajifunza chochote kuhusu wale ndugu wawili wa nyundo, maadui wanaorusha nyundo, na 8-3 imejaa hao. Atakufa pale mpaka aichukie gemu.

Kobe_Mwekundu

Kaka Isevya, hapo natofautiana nawe kwa heshima. Mabomba waliyaweka waliotengeneza gemu, si wizi. Gemu haina pa kuhifadhi ulipofika, na anayecheza kwa kulipia muda hawezi kupita steji 32 kwa kikao kimoja. Mabomba ndiyo njia yake ya kuiona dunia ya 8.

Mnyamwezi_Isevya

Kuhusu kuhifadhi, kaka, kuna kitu kiliwekwa ambacho mabandani hakitumiki. Roho zikiisha, ukirudi skrini ya mwanzo, usibonyeze Start peke yake. Shikilia A, kisha bonyeza Start. Unaanza dunia ileile uliyofia, kwenye steji yake ya kwanza. Ulifia 5-3, unaanza 5-1 na roho tatu mpya. Ulifia 8-4, unaanza 8-1. Inafanya kazi mara zote alimradi hujazima mashine. Umeme ukikatika au mtu akigusa kitufe cha kuanza upya, kumbukumbu imepotea.

Kwa hiyo muda siyo kisingizio. Kijana apite zote 32 kwa njia hii, hata kwa vikao vitatu ikiwa mashine haizimwi.

Binti_Katubuka (Kigoma)

Kaka zangu, hilo la A na Start ni kweli kabisa, na kwenye zile kaseti za gemu nyingi za "9999999 kwa 1" utaona Mario imeandikwa mara nyingi kwa majina tofauti. Gemu halisi humo ni chache. Zilizobaki ni zilezile zimewekewa mahali tofauti pa kuanzia, moja inaanzia dunia ya 3, nyingine ya 6. Ukitaka kufanyia mazoezi 7-4, tafuta humo kwanza kabla ya kuhangaika.

Nami nina swali. Kuna steji za kwanza za dunia, mfano 2-1, zina tofali lisiloonekana lenye uyoga wa kijani. Siku nyingine lipo, siku nyingine unagonga hewa. Kwa nini?

Kobe_Mwekundu

Dada, hilo ni swali zuri sana na jibu lake ni sarafu. Uyoga wa roho uliofichwa kwenye steji ya kwanza ya dunia unatokea kama ulikusanya sarafu za kutosha kwenye steji ya tatu ya dunia iliyotangulia. Kwa 2-1, unatakiwa uwe umeokota sarafu 21 kwenye 1-3. Kwa 3-1, sarafu 35 za 2-3. Kwa 4-1, sarafu 22 za 3-3. Ukipungukiwa hata moja, tofali halipo.

Ule wa 1-1 upo daima unapoanza gemu mpya, na uko baada ya bomba la nne, kabla ya shimo la kwanza. Hilo bomba la nne lenyewe unaweza kushuka ukakuta sarafu 19, ila ukishuka utatokea mbele na uyoga utakuwa umeuacha nyuma. Uchukue kwanza, ndipo urudi ushuke. Kurudi kidogo inawezekana mradi bomba bado linaonekana. Gemu hii skrini hairudi kushoto.

Njia ya roho nyingi ni 3-1. Karibu na mwisho kuna ngazi ya matofali na kobe wawili wanaishuka. Mwache wa kwanza apite au muue. Wa pili akiwa kwenye kidaraja mkanyage ili gamba libaki pale, kisha lirukie kwa namna litakalogonga ukuta wa kidaraja cha juu na kurudi chini ya miguu yako. Ukisimama sawasawa Mario anaruka juu chini mahali pamoja. Alama zinapanda 100, 200, 400, 500, 800, 1000, 2000, 4000, 5000, 8000, baada ya hapo kila mkanyago ni roho.

ACHA kabla ya 127. Hesabu ya roho ikivuka hapo gemu inaisoma kama namba hasi, na ukifa mara moja tu unapata gemu ova ukiwa tajiri wa roho. Namba kwenye skrini haitakusaidia kujua, maana ikipita 9 inaanza kuonyesha taji na alama za ajabu. Hesabu kwa mlio. Ukishafika roho 60 au 70 zinatosha kabisa mpaka 8-4, teremka uendelee, saa ya steji nayo inakimbia.

Fundi_Gungu (Kigoma)

Wakuu, nimepita nimekuta swali la Mario kuwa mzito. Hili ni la kwangu.

Famicom ya Japani, yaani mashine halisi ya Nintendo ya kaseti hizi, inachora picha 60 kwa sekunde. Mashine nyingi za kuiga zinazouzwa kwetu zinatengenezwa kwa TV za mfumo wa PAL, ambao ni picha 50. Na gemu hii inahesabu kila kitu kwa picha: mwendo, kasi ya kuruka, kasi ya adui, hata muziki. Kwa hiyo kwenye mashine ya 50 kila kitu kinapungua kwa moja ya sita. Kaseti rasmi ya Ulaya ilirekebishwa mwendo wake ili isionekane nzito, lakini kaseti zetu nyingi zina programu isiyorekebishwa.

Mfano ulio wazi ni saa ya gemu. Inapungua namba moja kila picha 24. Ile 400 ya 1-1 kwenye mashine ya 60 ni sekunde 160. Kwenye ya 50 ni sekunde 192. Umeongezewa sekunde 32 lakini na wewe umepunguzwa mwendo kwa kiasi kilekile, kwa hiyo hakuna aliyependelewa.

Athari yake iko kwa mtu anayehama. Kijana aliyezoea TV akienda kwenye simu, ambako programu nyingi zinaendesha picha 60, ataruka akiwa amechelewa na kuingia mashimoni. Aliyezoea simu akija TV ataruka mapema. Umbali wa mruko ni uleule kwa tofali, kinachobadilika ni muda. Kwa hiyo usimfundishe mtu kwa kuhesabu "moja, mbili, ruka". Mfundishe kwa alama ya ardhi: ruka mguu ukiwa kwenye tofali la mwisho. Hiyo inafaa kote.

Mwisho_wa_Reli

Fundi, umemaliza utata wa miaka mingi hapa mjini. Sasa tusaidie na pedi. Malalamiko makubwa ni "nabonyeza A anaruka kidogo".

Fundi_Gungu

Kuna sababu mbili, na ya kwanza si ubovu.

Pedi nyingi za kuiga zina vitufe vinne: A na B za kawaida, na juu yake A na B za turbo. Ukishikilia A ya turbo, pedi inabonyeza na kuachia yenyewe mara nyingi kwa sekunde. Kwenye Mario kimo cha mruko kinategemea umeshikilia kitufe kwa muda gani, kwa hiyo turbo inakupa vimruko vya chini tu. Hali ileile kwa B: ukishika ya turbo, Mario hakimbii kwa mwendo kamili maana kukimbia kunataka B ishikiliwe. Wengine wanaipenda B ya turbo kwa ajili ya kutupa moto, ila gemu inaruhusu mioto miwili tu kwenye skrini kwa wakati mmoja, kwa hiyo huongezewi kitu. Waambie vijana turbo ziachwe kwa gemu za kupiga risasi.

Sababu ya pili ni raba. Fungua parafujo za nyuma, inua ubao taratibu. Chini ya kila kitufe kuna raba yenye kidoti cheusi cha kaboni, na kwenye ubao kuna njia mbili zilizokaribiana kama vidole. Kidoti kikigusa, zinaungana. Jasho na mafuta ya mikono yanatengeneza utando pale. Futa ubao kwa pamba na spiriti ya duka la dawa. Kidoti cheusi futa kwa kitambaa kikavu tu, usikisugue kwa nguvu maana kaboni inakwisha. Kama kimeshang'aa au kimekuwa kijivu, hamisha raba ya Select uiweke kwenye A. Select kwenye Mario inatumika skrini ya mwanzo tu, kuchagua mchezaji mmoja au wawili.

Angalia pia waya pale unapoingia kwenye pedi. Ukiukunja Mario akaanza kwenda mwenyewe, waya umekatika ndani. Kata sentimeta 5 kutoka kwenye pedi, menya, lehemu upya rangi kwa rangi. Ziandike kabla hujakata.

Mnyamwezi_Isevya

Fundi, na skrini ya kijivu? Kaseti inaingia, taa inawaka, picha hakuna.

Fundi_Gungu

Anza na kaseti kila mara. Ina meno 60, 30 kila upande. Futa kwa ufutio mweupe wa penseli kutoka ndani kwenda nje, kisha pamba yenye spiriti, acha ikauke. Kupuliza kwa mdomo ACHENI. Mate yana unyevu, na unyevu unaleta kutu ya kijani kwenye meno. Huku karibu na ziwa hewa tayari ina unyevu wa kutosha. Baada ya kupuliza inawaka kwa sababu umeichomoa na kuichomeka tena, yaani meno yamejisugua.

Ikikataa bado, pima umeme. Ndani ya mashine nyingi za adapta ya volti 9 kuna rejuleta (kidhibiti cha volti) yenye miguu mitatu iliyoandikwa 7805. Weka mita: mguu wa kati ni ardhi, wa kuingilia uwe na 8 mpaka 12, wa kutokea lazima uwe 5. Ukikuta chini ya 4.7, ama rejuleta imechoka ama adapta haifikishi. 7805 inahitaji angalau volti 7 za kuingia. Adapta nzito za zamani zenye koili hushuka pamoja na umeme wa nyumba, kwa hiyo usiku watu wote wakiwa wamewasha majiko, mashine inaanza kujizima yenyewe. Hapo usibadilishe kitu ndani ya mashine, badilisha adapta.

Na mpya ukinunua, tazama mchoro uliopo karibu na tundu: chanya iko ndani au nje? Hizi mashine hazifanani. Ukigeuza, 7805 inaungua, na ukiwa na bahati mbaya inaondoka na ile doa nyeusi ya gundi ambayo ndiyo mashine yenyewe. Ile haitengenezeki.

Binti_Katubuka

Nirudi kwenye swali la nne la mwenye uzi, mtu aende wapi baada ya ya kwanza. Jibu langu ni Super Mario Bros. 3, na nalisema bila kusita. Ilitoka Japani 1988, na kwa kaseti hizihizi inapatikana. Ina ramani ya kuchagua njia, ina mkia wa kuruka, ina mfuko wa kuhifadhi vitu.

Ya pili siipendekezi kwa anayetoka kwenye ya kwanza, na inabidi nieleze kwa nini, maana "ya pili" ziko mbili. Ile ya Japani ya 1986 ni ya kwanza iliyofanywa ngumu: uyoga wa sumu, upepo, mabomba yanayokurudisha dunia za nyuma. Ile ya Marekani ya 1988 ilitokana na gemu nyingine ya 1987, Doki Doki Panic, wakabadilisha wahusika. Ndiyo maana unang'oa mboga na kuzirusha, na ukimkanyaga adui hafi. Ni gemu nzuri lakini mkono uliozoea kukanyaga utachanganyikiwa.

Kwenye ya tatu kuna filimbi tatu za kuruka dunia. Ya kwanza 1-3: karibu na mwisho kuna tofali kubwa jeupe. Panda juu yake, shikilia chini kwa sekunde kama 5 mpaka Mario aanguke nyuma ya mandhari. Kimbia kulia moja kwa moja, pita mwisho wa steji ukiwa nyuma yake, utakuta nyumba yenye sanduku. Ya pili ngome ya dunia ya kwanza: ingia na mkia, kabla ya mlango wa chumba cha kwanza paa juu mpaka uvuke dari, kimbia kulia mpaka ukwame, bonyeza juu. Ya tatu dunia ya 2, jiwe lililo juu kulia kwenye ramani unalivunja kwa nyundo, ndani unakuta ndugu wawili wanaotema moto.

Filimbi moja kutoka dunia ya kwanza inakupa kuchagua 2, 3 au 4. Ukiwa kwenye kile kisiwa cha kuchagulia, piga ya pili palepale: unapelekwa dunia ya 8. Watu wanapoteza filimbi kwa kuingia dunia ya 4 kwanza ndipo wapige nyingine.

Na steji zikiisha kwa kadi, usigonge ovyo. Uyoga watatu ni roho 2, maua matatu roho 3, nyota tatu roho 5. Nyota utaipata kwa urahisi ukiingia kwenye kadi kwa kukimbia mwendo kamili kisha kuruka.

Kobe_Mwekundu

Dada, ya tatu nami naipenda, ila skrini yake upande wa kulia rangi zinachafuka kila ukikimbia. Kaseti mbili tofauti zinafanya hivyo. Fundi?

Fundi_Gungu

Si kaseti wala TV. Gemu ile inasogea pande nne, na kumbukumbu ya picha ya mashine haitoshi kuficha rangi za sehemu inayoingia. Hata kaseti halisi ya Nintendo inafanya hivyohivyo. Ukiona mstari wa alama wa chini unatetemeka au unapotea kabisa, hapo ndipo shida iko kwenye kaseti: safisha meno, kisha angalia kama chip yake ya kugawa skrini imeachia lehemu.

Mnyamwezi_Isevya

Kwa wenye uwezo wa mashine za baadaye, Super Mario World ya 1990 ina milango 96 ya kutokea na inahifadhi, ila kwa betri ya saa iliyolehemewa ndani ya kaseti. Ikiisha, kila ukizima unaanza upya. Super Mario 64 ya 1996 ilimtoa kwenye kwenda kulia tu ikampa uwanja wa pande zote na nyota 120. Zipo za karibuni, Odyssey ya 2017 na Wonder ya 2023, na Wonder imerudi kwenye mtindo wa kwenda kulia. Kwa simu ipo Super Mario Run ya 2016, lakini inataka intaneti muda wote ukicheza, na steji za bure ni chache.

Hata hivyo kwa mtoto anayeshika pedi kwa mara ya kwanza, bado 1-1 haijapata mpinzani. Tazama mwanzo wake. Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka hawakuweka maandishi ya maelekezo hata neno moja. Adui wa kwanza anakuja peke yake, polepole, kutoka kulia. Asiyeruka anafa sekunde chache tangu aanze, kwa hiyo hakupoteza kitu. Akiruka, kichwa kinagonga tofali lenye alama ya kuuliza na sarafu inatoka: amejua matofali yana vitu. Anagonga linalofuata, uyoga unatoka, unatembea kulia, unagonga bomba, unarudi kwake. Hata akiuogopa akidhani ni adui, nafasi ni finyu na matofali yako juu ya kichwa, kuukwepa ni kazi. Unamgusa, anakua. Mtoto hajasoma Kiingereza, hajaelekezwa na mtu, na tayari anajua mambo matatu. Ndiyo maana nasema msiwaharakishe na mabomba.

Kobe_Mwekundu

Hapo kaka umenigusa, nakubali kwa mtoto wa kwanza kabisa. Kwa aliyekwisha kuizoea, mabomba yabaki.

Mwisho_wa_Reli

Wakuu, kabla watu hawajatawanyika: joka la ngomeni. Mabandani wanasema ukilipiga moto linageuka uyoga. Ni kweli?

Kobe_Mwekundu

Ni kweli, na si uyoga tu. Mioto 5 inamuua. Dunia ya 1 hadi 7 aliyepo si yeye halisi, akifa unamwona aliyejificha: 1-4 ni yule adui mdogo wa kahawia mwenye umbo la uyoga, 2-4 kobe, 3-4 mende mweusi, 4-4 yule wa miiba, 5-4 mpanda wingu, 6-4 ngisi, 7-4 ndugu wa nyundo. 8-4 ndiye mwenyewe.

Kuanzia 6-4 anarusha nyundo pia. Kama huna moto, usijaribu kumruka juu. Simama mbali, subiri aruke, nyundo zikiwa juu kabisa pita chini yake kwa B na uguse shoka lililo nyuma yake. Kama una moto, rusha miwili, subiri ipotee kwenye skrini, rusha tena. Mtu anayebonyeza haraka haraka anajichosha bure kwa sababu ya ule ukomo wa mioto miwili.

Na kwa wale wa bendera: fataki hazitokei kwa bahati. Tazama namba ya mwisho ya saa unapogusa mlingoti wa mwisho wa steji. Ikiwa 1, unapata fataki moja; 3, tatu; 6, sita. Kila moja ni alama 500. Namba nyingine yoyote hupati kitu. Kilele cha mlingoti ni 5000, kwa hiyo kama uko karibu kuugusa na saa inasoma 8, subiri kidogo kwenye ngazi, uruke ili uuguse ikiwa 6. Kumbuka tu kuruka kwenyewe kunakula namba moja au mbili.